Miezi 3 ya ilani, miaka 12 ya kukaa

Mwenye hati miliki Likoni au Kisauni, huko Mombasa, ukimuuliza kinachomkera, hataanza na skwota, yaani aliyekalia ardhi yake bila hati. Ataanza na miezi 3. Tangu Sheria ya Ardhi ya Kenya irekebishwe mwaka 2016, huwezi kuamka asubuhi ukamtoa mtu kwenye kiwanja chako, hata kama aliingia usiku. Lazima umpe ilani ya maandishi isiyopungua miezi 3. Wakiwa kundi kubwa, uitangaze kwenye magazeti mawili, uibandike mahali 5 ndani ya ardhi hiyo, na nakala zimfikie naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi. Aliyeingia hakupiga hodi. Anayetakiwa kupiga hodi ni mwenyewe. Inauma, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini sheria hiyohiyo inawapa wanaoondolewa nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa vyao. Aliyeona nyumba ya udongo ikivunjwa anajua maana yake. Kwa mkono, mabati hushuka mazima, mlango hutoka na fremu yake, boriti hufungwa pamoja zikapandishwa kwenye mkokoteni. Tingatinga likipita, kilichobaki ni cha kuuzia mwenye vyuma chakavu. Mwenye ardhi hapungukiwi kitu kwa kungoja mabati yashuke.

Kinachonitatiza mimi ni ile miaka 12. Aliyekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi, mfululizo, bila ruhusa, kwa miaka 12, anaweza kwenda kortini akaomba aandikishwe kuwa mwenyewe. (Ardhi ya serikali haidaiwi hivyo.) Tazama hapo kwenye “bila ruhusa”. Mzee aliyeambiwa “kaa hapo, uniangalizie minazi” akakaa miaka 30 kwa adabu, hana dai. Aliyekata ua akajenga bila kumwuliza mtu, analo.

Wanaoitetea kanuni hii husema mtu asiyekanyaga shamba lake miaka 12 ameshalitupa. Pwani kuna jibu zito zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, enzi ya ukoloni, iliwataka watu wapeleke madai yao yaandikishwe, na wengi waliolima bila karatasi hawakuandikishwa. Wajukuu wao leo ndio wanaoitwa maskwota, pengine chini ya miembe iliyopandwa na babu zao. Kwa wale kati yao walio kwenye ardhi ya mtu binafsi, miaka 12 ni karibu mlango pekee uliobaki wazi.

Likoni, mzozo wa shamba la Waitiki, lililokaliwa na maskwota, ulimalizwa kwa njia nyingine: serikali ililinunua, ekari 930 kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 wakaazi wakaanza kupewa hati. Hakuna hazina itakayofanya hivyo kila shamba.

Ningekuwa na kalamu ya bunge, miezi 3 nisingeigusa. Ningegusa hilo la ruhusa: aliyekaribishwa kwa mdomo akakaa miongo, naye apate pa kusimama mbele ya hakimu, walau alipwe nyumba na miti yake kabla ya kuambiwa aondoke.