Iginla hakuhitaji Kombe la Stanley

Vancouver, 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki ya hoki ya barafuni. Marekani wamesawazisha zikiwa zimebaki sekunde 24, mabao 2–2, na sasa wako na Kanada kwenye muda wa nyongeza. Jarome Iginla, mshambuliaji wa Kanada, yuko kwenye kona, amebanwa ukutani na beki Ryan Suter. Anamsikia Sidney Crosby akimwita, "Iggy!" Hana nafasi hata ya kuinua uso. Anasukuma pasi huku anaanguka, na yeye akiwa chini barafuni, Crosby anapitisha kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, katikati ya miguu ya golikipa Ryan Miller. Dhahabu ya Kanada. Picha zote zikamfuata Crosby.

Nimeirudia video hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu hubaki kwa yule aliyeanguka.

Nasema hivi kwa sababu kila Iginla anapotajwa, hakosi mtu wa kukumbusha kwamba alistaafu bila Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, kana kwamba miaka yake ishirini kwenye ligi hiyo ina deni. Mimi silioni deni hilo. Kombe hulichukua timu nzima, na mchezaji hana uwezo wa kuchagua golikipa wake wala mabeki wake. Hata kuingia kwake Calgary ni ushahidi. Mwaka 1995, timu zilipogawana wachezaji chipukizi kwa zamu, Dallas Stars walimchagua wa 11, na Desemba ya mwaka huohuo wakampeleka Calgary Flames ili wao wampate Joe Nieuwendyk. Mwaka 1999 Dallas wakatwaa kombe, Nieuwendyk akiwa mchezaji bora wa mtoano. Iginla alikuwa Calgary, kwenye timu iliyokuwa ikimaliza msimu bila hata kugusa mtoano.

Msimu wa 2001–02 ndio unaonishangaza zaidi. Alifunga mabao 52 na kukusanya pointi 96 (mabao jumlisha pasi za mabao), akaongoza ligi nzima kwa vyote viwili, mchezaji wa kwanza mweusi kuongoza NHL kwa pointi. Timu yake? Haikufuzu mtoano. Februari ya msimu huohuo, kule Salt Lake City, alifunga mabao mawili kwenye fainali ya Olimpiki, Kanada wakiwafunga Marekani 5–2.

Baba yake ni Myoruba kutoka Nigeria, mama yake Mmarekani, na kwa Kiyoruba jina Iginla ni mti mkubwa. Alikulia St. Albert, jirani na Edmonton, ambako watoto waliocheza hoki walikuwa karibu wote weupe. Lakini golikipa wa Edmonton Oilers, mabingwa wa enzi hizo, alikuwa Grant Fuhr, mtu mweusi. Mtoto akiulizwa mtu mweusi anatafuta nini kwenye hoki, alikuwa na jina la kujibu. Mtu asilichukulie jambo hilo kuwa dogo.

Kisha ikaja 2004. Iginla nahodha, Calgary fainali ya kombe dhidi ya Tampa Bay Lightning, fainali inayochezwa mpaka timu moja ishinde mechi nne. Mechi ya tatu alifunga bao, akatoa pasi ya bao, na akapigana ngumi na Vincent Lecavalier, nyota wa Tampa. Ngumi za hoki sizipendi na sitazitetea. Zina adhabu yake ya dakika tano nje. Ninachokitetea ni alichokifanya mechi ya tano, muda wa nyongeza. Helmeti ilimvuka kichwani, akaendelea kucheza kichwa wazi. Akaomba kisahani, akapiga shuti kali, golikipa akalitema, Oleg Saprykin akamalizia. Calgary wakabakiza ushindi mmoja tu wa kuchukua kombe. Mechi ya sita wakapoteza kwenye nyongeza ya pili, ya saba wakafungwa 2–1. Niambie hapo Iginla alikosea wapi.

Machi 2013 aliondoka Calgary kwenda Pittsburgh kulitafuta hilo kombe. Boston wakawatoa kwenye mtoano kwa mechi nne mfululizo, na yeye hakupata hata pointi moja kwenye mechi hizo. Hilo nalisema pia, kwa sababu ni kweli. Baadaye akapita Boston, Colorado na Los Angeles, akamaliza na mechi 1,554, mabao 625 na pasi za mabao 675.

Itazame hesabu hiyo tena: pasi zimezidi mabao. Na huyu ni mtu aliyesifiwa kwa shuti. Winga wa aina yake kazi yake kubwa inafanyika ukutani, mahali ambapo mtu mwingine anakuegemea kwa kilo tisini na zaidi na wewe unatakiwa ulinde kisahani kwa ncha ya gongo mpaka mwenzako afike. Kazi hiyo haina kombe lake.

Jezi yake namba 12 ilipandishwa kwa heshima juu ya uwanja wa Calgary tarehe 2 Machi 2019. Mwaka 2024 mwanawe, Tij, akachaguliwa wa 6 na timu ya Utah. Naye ni mshambuliaji. Nilipofungua video zake, mabao niliyaacha kwanza. Nilitafuta anavyofanya akibanwa kwenye kona.