Nyumba Ndogo ya Bunge

Jamani, mimi siasa sina, nina godoro tu. Na godoro lenyewe kila Aprili linahamia sebuleni kwa shemeji, maana Bunge la bajeti likikaribia hapa Dodoma, mwenye nyumba wangu anageuka mtu wa gesti. Chumba changu kinawekwa pazia jipya, bei inapaa, anapewa dereva wa mheshimiwa. "Kijana wangu, vumilia mpaka Juni." Miezi mitatu nalala miguu iko chini ya meza ya tivii! Vile vikao vifupi vya Septemba na Novemba ananihurumia, Mungu ambariki.

Sasa Jumamosi nimempakia dereva wa lori kutoka Kenya, nampeleka mnadani Msalato akale nyama. Njiani ananiambia, "Sisi bunge letu lina nyumba mbili." Nikapunguza mwendo. Nyumba kubwa na nyumba ndogo? Akacheka mpaka bodaboda ikayumba. Eti ndiyo: kubwa ni Bunge la Taifa, watu 349 bila spika. Ndogo ni Seneti, 67, nayo ina spika wake, kazi yake kutetea kaunti 47. Na hiyo ndogo ndiyo inaitwa ya juu! Nikamwambia mkubwa, hilo hata mtaani kwetu liko hivyo hivyo.

Tena waliwahi kuifuta, 1966, katiba ya 2010 ikairudisha. Unaona? Nyumba ndogo haiachwi.

Muswada wa mambo ya kaunti lazima upite kote kuwili. Wakivutana, kamati ya upatanisho inapewa siku 30, wakishindwa kuelewana umekufa. Hao wana raha. Kwa shemeji nyumba ni moja, na muswada wangu wa kusogeza ile meza ulikufa kabla sijamaliza kuusoma.

Kuna abiria mwingine akanipinga kwamba na sisi tunayo ya pili, Baraza la Wawakilishi. Wapi! Lile ni la Zanzibar, linakaa Zanzibar na mambo ya Zanzibar, godoro langu halilijui. Huku bara nyumba ni moja, na hiyo moja tu imeshanitoa chumbani. Ikija ya pili na madereva wake, shemeji naye si atapangisha sebule?

Kosa langu, nikamsimulia mwenye nyumba. Hakucheka hata kidogo. Leo asubuhi nimemkuta uani na futi kamba, anapima banda la kuku.