Duka la Davey: kwa nini naiweka The Sopranos juu ya The Godfather

Katoni ya wiski imechukuliwa kwa mali kauli. Bei yake ni dola 200. Inaingia baa kwa mlango wa mbele, inatokea mlango wa nyuma, inauzwa kwa dola 100, na aliyeiuza anaondoka anacheka kwa sababu hata senti haikutoka mfukoni mwake. Atakayelipa ni mwenye baa, au tuseme atakayedaiwa, maana hana tena cha kulipia. Siku wauzaji wa jumla wanaposhtuka na mkopo unapokauka, baa inatiwa kiberiti.

Aliyeitazama Goodfellas ya Martin Scorsese (1990) anaikumbuka baa hiyo, Bamboo Lounge. Mwenye baa alichoshwa na Tommy, jambazi anayekula bila kulipa na akikumbushwa deni anakupasulia chupa kichwani. Akaenda kumpigia magoti mkubwa wao, Paulie, awe mbia wake. Alidhani amenunua ulinzi, kumbe amekabidhi funguo. Mwisho wa mkasa, Tommy na mwenzake Henry, msimulizi wa filamu, wameketi ndani ya gari nje ya baa, wakingoja moto ukolee, na katika kungoja huko Tommy anamwomba Henry amsindikize kwenye miadi na wasichana wawili. Mmoja wa wasichana hao ni Karen, atakayekuja kuwa mke wa Henry. Filamu inaingia kwenye mapenzi, sisi tunaingia nayo, na mwenye baa anasahaulika kabla moshi haujatulia.

Naipenda Goodfellas. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri. Lakini kila ubishi wa filamu bora ya mafia unapoanza, namkumbuka yule mwenye baa. Orodha za kawaida hazina mshangao: The Godfather ya Francis Ford Coppola (1972) kileleni, mwendelezo wake wa 1974 unafuata, Goodfellas ya tatu, halafu, kwa heshima kidogo kama ya mgeni aliyechelewa shughuli, inatajwa The Sopranos, tamthilia ya David Chase kwenye HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, iliyorushwa kuanzia Januari 1999 hadi Juni 2007. Wengine hawaitaji kabisa. Wanasema televisheni ni televisheni, haiwekwi mizani moja na sinema.

Hoja ya kuiweka The Godfather juu si hoja nyepesi. Ni filamu isiyo na dakika ya kutupa, ingawa inakaribia saa tatu. Inaanza na mzika maiti, Bonasera, akiomba binti yake alipiziwe kisasi, na Don Corleone, bosi wa familia ya wahalifu, anamkubalia kwa sharti moja ambalo kila mmoja wetu analielewa bila kufafanuliwa: siku moja nitakuhitaji. Siku hiyo inafika, na kinachoombwa ni kuitengeneza maiti ya mtoto wa Don iliyotobolewa kwa risasi ili mama yake aweze kuitazama. Sijui filamu nyingine inayoeleza fadhila kwa usahihi huo: jinsi inavyotolewa kwa upole, jinsi inavyokaa mwilini mwa aliyepokea kama deni lisilo na tarehe. Ongeza giza la picha za mpiga picha Gordon Willis, ongeza ubatizo unaoendelea kanisani huku watu wakiuawa mitaani, ongeza Michael, mtoto mwingine wa Don, anayetuingia akiwa mwanajeshi mpole na kutoka akiwa mlango unaofungwa usoni pa mkewe. Anayesema hii ni kazi kamilifu kuliko zote, simbishii ukamilifu.

Shida yangu iko kwenye kile ukamilifu huo ulichokificha. Neno "Mafia" halisikiki katika The Godfather. Liliondolewa kwenye maandishi baada ya mtayarishaji Al Ruddy kukubaliana na jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, na kiongozi wa jumuiya hiyo alikuwa Joseph Colombo, ambaye mwenyewe alikuwa bosi wa moja ya zile familia tano za New York. Yaani mafia waliomba wasiitwe mafia, wakakubaliwa. Kikabaki "familia". Na familia ya Corleone tunaijua kwa harusi, kwa mchuzi wa nyanya anaofundishwa Michael jikoni, kwa babu anayecheza na mjukuu kwenye bustani. Fedha zao tunaziona zikiwa zimekwisha kufika, zimejaa kwenye pochi ya hariri ya bibi harusi. Nani alizitoa? Kamari, tunaambiwa. Vyama vya wafanyakazi. Mafuta ya zeituni. Sura ya mtu anayelipishwa kwa nguvu tunaiona vizuri zaidi katika sehemu ya pili, pale Fanucci anapodai chake kwa kijana Vito, yaani Don enzi za ujana wake, lakini hapo anayelipishwa ndiye steringi, na steringi, kama tulivyofundishwa na kila kibanda cha video, hafi wala haonewi mpaka mwisho. Anampiga Fanucci risasi, nasi tunapumua.

Matokeo yake hayakuishia ukumbini. Sammy Gravano, aliyekuwa msaidizi mkuu wa John Gotti, bosi wa mafia wa New York, na baadaye shahidi wa serikali dhidi yake, amewahi kusimulia kwamba alitoka kuitazama filamu hiyo akiwa kama anaelea. Hata kwetu neno limesafiri likiwa limevaa suti. Msimu wa usajili ukifika, klabu ikimpora mchezaji aliyekwisha kufungasha mabegi kwenda kwa wapinzani, magazeti ya michezo huandika "umafia", na shabiki wa klabu hiyo hutabasamu. Ni sifa. (Wenyeji wa Kisiwa cha Mafia wana malalamiko yao kuhusu jina, hiyo ni kesi nyingine.)

Sasa twende kwa Davey.

Davey Scatino anaingia The Sopranos katika msimu wa pili, mwaka 2000. Ana duka la vifaa vya michezo New Jersey, na amesoma shule moja na Tony Soprano, bosi wa mafia na steringi wa tamthilia. Watoto wao nao wanasoma pamoja. Eric wa Davey na Meadow wa Tony wanajiandaa kuimba pamoja jukwaani. Davey ana ugonjwa wa kamari. Anamsihi Tony amruhusu kwenye meza ya wakubwa, Tony anamkatalia, anasihi tena, Tony anamkopesha, na kukicha deni limefika maboksi 45 ya tambi. Ndivyo wanavyohesabu wao: boksi moja ni dola 1,000.

Kinachofuata ni Bamboo Lounge ileile. Jinai ileile, hatua kwa hatua: watu wa Tony wanahamia dukani, wanaagiza kwa jina la duka maboksi ya kupozea vinywaji, tiketi za ndege, maji ya chupa, chochote kinachouzika haraka, mpaka jina lenyewe life. Scorsese alilimaliza jambo hili kwa dakika chache, kwa sauti ya Henry inayotuchekesha njia nzima. Chase analichukulia muda, na muda huo ndio kazi yote. Tony anachukua gari la Eric kufidia sehemu ya deni na kumpelekea Meadow kama zawadi. Meadow analitambua ni gari la nani. Eric, kwa hasira, anajitoa jukwaani, Meadow anaimba peke yake. Davey anakutwa dukani kwake amelala ndani ya hema, lile la kuuzia wateja. Anamuuliza Tony swali ambalo yule mwenye baa hakupewa nafasi ya kuuliza: kwa nini uliniruhusu kucheza? Na Tony, bila hasira, anamjibu kwamba alijua ana duka. Anamtajia kisa cha nge anayemdunga chura aliyembeba kumvusha mto. Ndiyo asili yake.

Jibu hilo nimelirudia kichwani miaka mingi. Tony alimkatalia mwanzoni, nasi tukamwona rafiki mwema. Kumbe hata wakati anakataa alishapiga hesabu ya rafu za viatu. Na tulimpenda siku ileile! Tulikuwa tumekaa naye kwa daktari wa akili, tumemwona akizimia kwa hofu, tumemwona akihuzunikia bata walioliacha bwawa lake la kuogelea. Hapo ndipo ninapoona wengi wanaikosea tamthilia hii. Wanasema inatufanya tumhurumie jambazi. Ni kweli, inafanya hivyo makusudi, halafu inatuletea bili.

Daktari huyo, Melfi, anachezwa na Lorraine Bracco, ambaye katika Goodfellas ndiye aliyekuwa Karen, yule msichana wa miadi iliyopangwa huku baa ikianza kuungua. Miaka tisa baadaye amekalishwa kwenye kiti, kazi yake kusikiliza. Na anasikiliza misimu yote, mpaka mwaka 2007 anaposhawishika kwamba mazungumzo yao yamemnoa tu mhalifu awe mhalifu bora, ndipo anamfungia mlango. Safari hii mlango unafungwa na mwanamke.

Wapinzani wana hoja mbili ninazoziheshimu. Kwanza, mizani haiko sawa: ukimpa mtu sehemu 86, bila shaka atapata nafasi ya kumwonyesha muuza viatu, Scorsese alikuwa na chini ya saa mbili na nusu. Nakubali, ila urefu ni kifaa kama kamera ilivyo kifaa, na tamthilia ngapi ndefu zimetumia saa zake kurudia vifo vilevile? Pili, urefu huo umeacha makapi. Kweli. Kile kipindi cha msimu wa nne cha ugomvi wa sikukuu ya Columbus siwezi kukitetea hata kwa malipo. Na kuhusu mwisho wa tarehe 10 Juni 2007, skrini inapokuwa nyeusi katikati ya wimbo, watazamaji wengi Marekani walidhani kebo imekatika. Sisi tungekimbilia kuangalia Luku.

Iko hoja ya tatu, nzito zaidi, na hii inaniuma: watazamaji wengi walipenda mauaji wakaruka mazungumzo, wakamfanya Tony picha ya fulana kama walivyomfanya Don. Basi tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba The Sopranos inalijua hilo na inaligombania hadi dakika yake ya mwisho, wakati The Godfather inafunga mlango kwa uzuri mno kiasi kwamba tunataka kuwa ndani.

Kwa hiyo orodha yangu: The Sopranos, kisha The Godfather mbili za mwanzo nikizihesabu kazi moja, kisha Goodfellas. Ya nne ni Gomorra, filamu ya Matteo Garrone ya mwaka 2008 kutoka kitabu cha Roberto Saviano, mwandishi anayeishi chini ya ulinzi wa polisi tangu 2006 kwa sababu ya kitabu hicho. Humo vijana wawili wa Napoli wanaigiza Scarface, filamu ya majambazi ya Marekani, ndani ya nyumba tupu, na mwisho miili yao inabebwa kwenye ndoo ya tingatinga kama kifusi. Kwa ukweli mtupu ingestahili nafasi ya juu zaidi. Inaniponyoka kwa sababu haimtegi mtazamaji. Inamwonyesha jehanamu, naye anaitazama akiwa salama upande wa pili wa kioo. Ya tano Donnie Brasco (1997), kwa ajili ya Lefty wa Al Pacino, mzee wa mafia ambaye genge lake linavunja mita za maegesho kutafuta sarafu, na ambaye akiitwa mara ya mwisho anavua saa na pete, anaziweka kwenye droo, na kuiacha wazi ili mkewe azione. The Irishman ya Scorsese mnisamehe, dakika 209 bado zinanisubiri nizirudie.

Msimu wa pili wa The Sopranos unafungwa na sherehe nyumbani kwa Tony. Meadow amehitimu, watu wamevaa vizuri, wanapiga picha. Tony ana sigara nene mdomoni. Katikati ya vicheko Chase anakatiza na picha za mahali fedha zilikotoka, moja baada ya nyingine, bila neno, na mojawapo ni duka la Davey, limefungwa. Kisha tunarudishwa sebuleni. Tony anapuliza moshi.