Torati Ilikuja Baada ya Bahari

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo na kabla ya sadaka, mzee wa kanisa alisimama akataja jina la binti mmoja. Akatoka benchi la nyuma na mtoto mgongoni, wa miezi minne hivi, amefungwa kwa kitenge cha kijani. Akapiga magoti mbele ya madhabahu. Anarudi kundini, ndivyo tusemavyo mtu aliyezaa nje ya ndoa anapotubu mbele ya kanisa. Akaulizwa maswali, akajibu kwa sauti ambayo sisi wa benchi la nne hatukuisikia. Katikati ya sala mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyenyanyuka kumpokea, hata mimi. Kijana aliyempa ule ujauzito alikuwa kwenye kwaya, safu ya besi, amevaa joho.

Kisha yakaja mahubiri: asiyeshika amri za Mungu asahau mbingu. Tukaitikia amina.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na nimeshindwa kunyamaza.

Nilipokuwa darasa la kipaimara tulikaririshwa Amri Kumi kuanzia "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mstari unaotangulia tuliurukishwa, na nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuuona: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Niliyekutoa! Kazi imeshafanyika. Bahari imevukwa sura ya 14, mana imeliwa sura ya 16, na Sinai wanafika mwezi wa tatu tangu watoke. Mungu hakumtuma Musa kule Gosheni na zile mbao mbili za mawe awaambie watumwa wa Farao, shikeni haya mwaka mmoja, mkifaulu nitakuja kuwachukua. Wangekuwa wanafyatua matofali mpaka leo. Aliwatoa kwanza, wakiwa hivyo hivyo walivyo, manung'uniko yao na woga wao, ndipo akawafundisha namna watu waliokombolewa wanavyoishi. Paulo anaipeleka hoja nyuma zaidi: ahadi alipewa Ibrahimu, na torati ikatokea miaka 430 baadaye. Ahadi haikuisubiri sheria.

Sasa sheria ni ya nini? Wagalatia 3:24 inasema "torati imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo". Neno la Kigiriki alilotumia Paulo, paidagogos, lilikuwa la mtumwa wa nyumbani aliyemsindikiza mtoto wa bwana wake shuleni na kumrudisha, akimchunga na kumkemea njiani. Hakuwa mwalimu.

Mimi wangu alikuwa dada yangu mkubwa, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Alinibana kiganja mpaka kikauma tukivuka barabara ya lami. Nikiinama kuokota maembe ya watu, ananifinya. Tukifika getini ananisukuma mgongoni, "Haya, ingia," anageuka kwenda zake. Ukali wake wote ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ni geti lile. Sisi kanisani tunamshika mtoto mkono, tunamkemea njia nzima, halafu tukifika tunamfungia nje.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaosema "tuko chini ya neema" ili waendelee kudhulumu wafanyakazi wao na kutembea na wake za watu. Warumi 6 imeshawajibu: "Hasha!" Na ni kweli kwamba "kutambua dhambi huja kwa njia ya sheria", bila amri ya sita, "Usizini", yule binti asingejua kilichomuuma usiku. Hayo siyapingi. Ninachopinga ni kuigeuza sheria kuwa nauli. Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi pamoja kule Augsburg, Ujerumani, 31 Oktoba 1999, kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Washarika wangapi wameshaisikia hiyo mimbarani?

Na kama ni torati tunaitaka, basi tuisome yote. Kutoka 22:16 inamzungumzia msichana ambaye hajaposwa, na mzigo inamtwika mwanamume: atoe mahari, amwoe. Walawi 20:10, kwa uzinzi, inawahukumu wote wawili. Hakuna mahali Musa aliposema mwanamke apige magoti na mwanamume aimbe besi. Hiyo ni sheria yetu wenyewe, tumeitunga, tukaibandika jina la Mungu. Wazee wangu, nawaheshimu, wengine mmenibatizia watoto, lakini kwa hili mmekosea na tumekosea pamoja nanyi.

Baada ya ibada nilimkuta yule binti chini ya mwarobaini ananyonyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo." Akanyamaza kidogo. "Mama, kwa hiyo sasa Mungu ndiyo amenisamehe?"

Nikamwambia alisamehewa siku ile aliyomlilia Mungu peke yake chumbani, kabla mzee yeyote hajaandika jina lake kwenye karatasi, kwa sababu Kristo alishakufa kwa ajili yake kabla hajazaliwa. Nilisema mengi, labda mno. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamhamishia mtoto titi la pili, akauliza kama na yule kijana naye ataitwa.