Epstein, Samaki Likankoa na jina la aliyechonga

Ukitoka kituo cha Charing Cross hapa London ukaufuata mtaa wa Strand, hatua chache tu mbele, kwenye kona ya mtaa wa Agar, kuna jengo la ubalozi wa Zimbabwe. Inua macho. Kati ya madirisha ya juu kuna miili 18 ya mawe, wanaume na wanawake. Mingi haina nyuso, mingine haina mikono wala nyayo. Wageni kutoka nyumbani ninaowapitisha pale hudhani ni madhara ya mabomu ya vita. Sivyo. Miili hiyo ilikatwakatwa kwa tindo na nyundo mwaka 1937, kwa uamuzi wa serikali ya Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), iliyokuwa imeshalinunua jengo. Kipande cha jiwe kilikuwa kimeanguka barabarani, ikasemwa ni hatari kwa wapita njia, na kila kilichochomoza kikaondolewa. Mchongaji alisihi waache wataalamu walitibu jiwe lake, hakusikilizwa.

Mchongaji huyo ni Jacob Epstein, na nataka kumwandika kwa sababu watu wa nyumbani hawaachi kuniuliza Ulaya wanatuzidi nini. Wanatarajia nitaje barabara, hospitali, mishahara. Hayo yapo, lakini hayo kila mtu anayajua. Jambo ninalolionea wivu ni kwamba huku mtu aliyechonga jiwe anajulikana kwa jina, na watu wako tayari kugombana kwa ajili ya alichochonga. Kwetu, hata ugomvi wenyewe haupo.

Epstein alizaliwa mwaka 1880 New York, upande wa Lower East Side, ambako Wayahudi waliohama Ulaya ya Mashariki walikuwa wamebanana chumba kwa chumba. Wazazi wake walitoka Poland na walishika dini yao sawasawa. Kijana akapata kazi ya kuchora picha za kitabu kilichoeleza maisha ya mtaa ule ule aliokulia, na ujira wake ukamfikisha Paris mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye akahamia London, akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 1959. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa wahamiaji aliyehama tena, na wenyeji hawakumwacha asahau.

Kazi ya Strand ndiyo iliyomtoa. Alikuwa hajafika miaka 30 pale msanifu majengo Charles Holden alipompa ukuta mzima wa jengo hilo, wakati huo makao ya chama cha madaktari. Akachonga umri wa binadamu tangu kuzaliwa hadi uzee, watu wakiwa uchi, akiwemo mama mjamzito. Ilikuwa mwaka 1908. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ofisi ya jumuiya ya kulinda maadili, wakapiga kelele, gazeti likadakia, polisi wakaja kutazama. Askofu mmoja, Cosmo Lang, alipanda jukwaa la mafundi akajionea mwenyewe, akashuka akisema hakuona uchafu wowote. Nampenda sana askofu yule. Alijipa taabu ya kupanda ngazi kabla ya kufungua mdomo.

Sanamu zikasalimika karibu miaka 30, mpaka wakaja walowezi wa Rhodesia. Na hata hapo jiji halikunyamaza: wakuu wa makumbusho waliandika barua ya kuzitetea, na mchoraji Walter Sickert akajiuzulu uanachama wa chuo cha kifalme cha sanaa mwaka 1935 kwa sababu rais wa chuo alikataa kutia saini utetezi huo. Walishindwa. Lakini jamani, mtu kuacha cheo kwa ajili ya mawe ya mwenzake! Nimetafuta kichwani mwangu kisa cha namna hiyo kwetu, sijakipata.

Sitaki msomaji aone kama naipamba London. Jiji hili lilimtesa. Mwaka 1925 iliwekwa Hyde Park kazi yake ya kumkumbuka W. H. Hudson, mwandishi aliyeandika juu ya ndege na misitu. Waziri Mkuu Stanley Baldwin ndiye aliyeifunua. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, na watu wenye majina makubwa, akiwemo Arthur Conan Doyle, walitaka iondolewe. Mwaka 1929 ilimwagiwa lami na kubandikwa manyoya. Sehemu ya chuki hiyo ilikuwa juu ya sanaa, na sehemu nyingine ilikuwa juu ya Uyahudi wake, tena waziwazi. Hata uzeeni, alipopendekezwa kuchonga sanamu ya kanisa kuu jipya la Coventry, lile lililojengwa kando ya magofu ya kanisa lililopigwa mabomu mwaka 1940, inasimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa kamati alipinga kwa kuwa Epstein ni Myahudi. Msanifu Basil Spence akamjibu kwamba hata Yesu alikuwa Myahudi. Kazi akapewa. Malaika Mikaeli yuko pale ukutani leo, amefungua mabawa na kushika mkuki, shetani amefungwa chini ya miguu yake.

Anayeishi ugenini anaelewa hayo bila kuelezwa. Unaweza kuitwa mgeni katika mji unaoujenga kwa mikono yako.

Kuna jambo lingine linalotuhusu zaidi. Epstein alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, alianza kabla ya Vita vya Kwanza, na alipofariki alikuwa na zaidi ya vipande elfu moja vya Afrika, Oceania na ustaarabu wa kale. Chumba kwa chumba nyumbani mwake vilijaa. Kichwa kimoja cha mbao cha Wafang wa Gabon, kilichokuwa kikiwekwa juu ya sanduku la mifupa ya wazee waliotangulia, alikinunua miaka ya 1930. Sasa kiko Metropolitan Museum, New York, mji alikozaliwa mnunuzi. Historia ya kichwa hicho inajulikana vizuri: muuzaji wa kwanza Paris, muuzaji wa pili, Epstein, kisha familia ya Rockefeller, kisha makumbusho. Wote wana majina. Aliyeshika tezo kule msituni hana.

Kwa sababu hiyo siwezi kumtazama Epstein bila kumfikiria baba mdogo. Amechonga vinyago Mwenge, Dar es Salaam, tangu ujana wake. Ni Mmakonde wa Newala. Gogo la mpingo analigeuza siku nzima kabla ya kulitia tezo, anasema anatafuta mtu aliyemo ndani. Kisha patasi, kisha msasa, kisha kiwi ing'ae. Kazi ya wiki nyingi inachukuliwa na mwenye duka, inafungwa gazeti, inapanda ndege. Hakuna aliyemwomba atie jina chini. Nimekutana na vinyago vya mtindo wake kwenye masoko ya hapa London, na kilichoandikwa kwenye kikaratasi ni neno moja tu: Makonde. Yaani kabila zima limechonga, mtu hakuna.

Wachache walivuka. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mapepo, miaka ya 1950, anatajwa vitabuni. George Lilanga, aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, na kuishia kuonyeshwa Ulaya na Marekani, naye anatajwa, ingawa nahisi anajulikana zaidi kwa wakusanyaji wa huku kuliko kwa vijana wa Kariakoo. Na katikati ya Dar es Salaam, pale Samora, sanamu ambayo kila mtu anaelekezea njia ni ile ya Askari. Ilitengenezwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, ikamiminwa shaba hapa hapa London, ikasimamishwa mwaka 1927 mahali Wajerumani walipokuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Wissmann. Ninaiheshimu kwa ajili ya askari na wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza. Lakini karibu karne imepita, na mji wenye wachongaji bora wa mpingo duniani bado unaonyeshana njia kwa shaba ya London. Kazi yao inauzwa pembezoni kwa watalii. Hilo naliona ni kosa letu wenyewe, wala si la mkoloni tena.

Najua nitakachojibiwa, hasa na ndugu zangu wa Pwani: dini haikubali sanamu za viumbe. Ni hoja nzito na siipuuzi, nina mashangazi wasioingiza kinyago ndani. Ila Epstein alitoka nyumba yenye katazo hilo hilo, limo katika Torati. Yeye alichagua njia yake na akaendelea kuchonga habari za maandiko: Adamu, Mwanzo, Yakobo akishindana na malaika. Huyo Yakobo ni jiwe la alabasta refu kuliko mtu, wamekumbatiana kiasi kwamba huwezi kusema wanapigana au mmoja anamshikilia mwenzake asianguke. Kwa miaka mingi lilikuwa Blackpool kwenye maonyesho ya sanamu za nta, watu wakilipa kiingilio kulishangaa. Leo liko Tate, jumba la sanaa la hapa Uingereza.

Asiyetaka kiumbe si lazima achonge kiumbe. Watu wa Unguja na Lamu walilitatua hilo zamani kwa milango: mayungiyungi, minyororo, mawimbi, ustadi ambao sijauona ukizidiwa popote. Juu ya kizingiti mara nyingi kuna mwaka wa Hijria na aya, pengine jina la mwenye nyumba. Fundi hayumo.

Naomba basi kitu kimoja. Kama babu, mjomba au jirani yako alichonga mlango, kiti, jahazi au kinyago, mtaje hapa chini: jina kamili kama amekubali au ameshafariki, kijiji, miaka aliyofanya kazi, na kazi yake moja unayojua ilipo. Baba mdogo amekubali, na nikija likizo tutakaa naye na daftari, tuanze na vile vilivyobaki nyumbani.