Afikomani Imeenda Kulala

Kwenye nyumba ya wazee wa Kiyahudi ninakofanya kazi ya utunzaji, huku Massachusetts, sherehe nyingi zina msamaha. Ukikosea idadi ya mishumaa ya Hanuka, sikukuu yao ya taa ya Desemba, wazee kumi watakukaripia kwa mpigo, kisha watarudi kwenye viazi vyao vya kukaanga. Purimu, sikukuu yao nyingine, ni kelele mwanzo mwisho, hakuna atakayeona kosa. Sederi, karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, ndiyo haina mzaha. Ina hatua 15, na hatua ya 12 isipofanyika, hamwendi ya 13. Mwaka mmoja tulikwama hapo hapo, wazee 60 mezani, wengine dawa za usingizi zimeshaanza kazi.

Hatua hiyo ya 12 ni kula afikomani. Mwanzoni rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, huchukua matza ya katikati kati ya tatu, mkate usiotiwa chachu, mkavu kama chapati iliyosahauliwa juani, akaivunja vipande viwili. Kile kikubwa hufungwa kwenye leso na kufichwa. Watoto huitafuta, na anayeipata hairudishi mpaka aahidiwe zawadi. Chakula hakifungwi bila kila mtu kuonja kipande chake, na baada ya hapo hakuna kula tena.

Kwa sheria ya dini Sederi huanza giza likishaingia, lakini Aprili hapa jua linazama baada ya saa moja jioni, na mzee wa miaka 90 hasubiri jua. Kwa hiyo tunaanza saa kumi na moja, wanaoshika sheria barabara hurudia yao usiku. Vikombe vya mvinyo ni vinne kwa kila mtu. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, kikombe kisipungue mililita 86, basi kwa watu 60 ni zaidi ya lita 20. Wanaomeza dawa hupewa juisi ya zabibu. Ikishamiminwa huwezi kuitofautisha na mvinyo kwa rangi, ndiyo maana chupa za juisi tunazifunga uzi mweupe shingoni. Wenye shida ya kumeza hulowekewa matza kwenye supu, ila uliza kwanza: wapo waliolelewa katika mila za Kihasidi (Wayahudi wanaoshika dini sana) ambao wakati wa Pasaka hawagusi matza iliyolowa. Letasi, inayoliwa kama mboga chungu ya karamu, nayo ina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo muuguzi hupita na jicho lake kuhakikisha mtu hali bakuli zima kwa jina la dini.

Mzizi mchungu, ule mkali wa jamii ya haradali unaoliwa pia kwenye karamu, una kanuni yake. Ukali hauko ndani ya mzizi ambao haujakatwa, huzaliwa unapousaga. Ukitia siki mara moja, unabaki mpole. Ukingoja dakika tatu ndipo utie, unapata moto. Dada mmoja wa Kisii alingoja, halafu akafungua blenda uso ukiwa juu yake. Alilia mpaka rabi akaja kumpa pole ya msiba.

Sasa, chanzo cha balaa kilikuwa usafi. Kabla ya Pasaka chachu yote hutolewa jengoni. Sisi wafanyakazi tulikatazwa hata mandazi kwenye friji letu, tukawa tunashushia chai kwa viazi vitamu. Woka za wazee za kutembelea, zile za magurudumu manne zenye kiti na mfuko chini yake, hupigwa maji kuondoa makombo ya biskuti. Kila woka ina utepe wa rangi mpinini, kwa sababu zote ni za muundo mmoja, rangi ya bluu. Tepe zilivuliwa zifuliwe. Jioni ya Sederi bado zilikuwa kwenye mashine ya kukaushia.

Woka haziruhusiwi kuziba njia kati ya meza, moto ukitokea watu watoke. Kwa hiyo 30 zilipangwa ukutani. Mzee mmoja, jaji mstaafu, akasema vitukuu wanajua mafichio yote ya ukumbi huu, aachiwe yeye. Akainuka taratibu, akaitia afikomani kwenye mfuko wa woka yake, akarudi kukaa na uso wa mtu aliyemaliza kesi.

Baada ya kuku na viazi, vitukuu walitafuta mpaka nyuma ya piano, wakasalimu amri. Jaji akaenda kwa madaha, akafunua kiti. Ndani: skafu ya maua na nusu ndizi.

"Hii si yangu," akasema, kana kwamba ndizi ndiyo yenye makosa.

Tukaanza kufunua mifuko yote. Tulipata miwani minne, vijiko 11 vya ukumbini, na rimoti ya runinga ya sebuleni iliyokuwa ikitafutwa tangu Hanuka. Afikomani hakuna. Dada wa Kisii, macho bado mekundu, ndiye aliyehesabu: woka 29.

Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa ameondoka baada ya supu, ana dawa ya macho ya saa moja unusu. Lifti jioni ya sikukuu huwekwa isimame yenyewe kila ghorofa, ili anayekatazwa na dini kubonyeza kitufe siku hiyo aweze kupanda, nami sikuwa na subira hiyo. Nikapanda ngazi mbio.

Nilimkuta na gauni la kulalia, kikombe cha chai mkononi, makombo kifuani.

"Bibi, kwenye woka kulikuwa na leso nyeupe?"

"Huduma nzuri," akanijibu. "Kesho mlete na jamu."

Rabi alicheka mpaka akakaa chini. Afikomani ikipotea hutumika matza nyingine, alisema, akavunja vipande vya ukubwa wa zaituni tukavigawa. Kwa hesabu hiyo, bibi alikuwa ametutangulia sote hatua moja.

Vitukuu ndio hawakuridhika: zawadi ya nani? Bibi, aliyeshuka na gauni lake na woka isiyo yake, alisema ni yake. Jaji akaombwa aamue. Akakohoa. "Sheria inasema apewe aliyeipata. Haisemi airudishe nzima."

Akapewa chokoleti, akaikataa. Alitaka asamehewe mazoezi ya viti ya saa tatu asubuhi mpaka kiangazi kiishe. Msimamizi wa shughuli alikuwa ameshatoa kalamu rabi alipomzuia: jua limezama, sikukuu imeingia, hakuna kuandika. Mkataba ukawa wa mdomo, mbele ya mashahidi 59, nusu yao wakikoroma.