Msumeno wa kunoa au msumeno wa kutupa: upi unamfaa fundi wa mbao?

Watu wa useremala wa mkono wakikutana ubishi huu lazima utokee: ununue msumeno wa meno magumu ambao makali yakiisha unautupa, au ununue ule wa kunoa kwa tupa ambao unaweza kukaa nao mpaka uje umrithishe mtu. Wote wana hoja na hoja zao ni za kweli, ila naona watu wanabishana sana kuhusu bei na udumu wakati kinachoamua hasa ni vitu viwili, unakata mbao za namna gani na nani atakayeunoa.

Tuanze na jinsi ya kuitofautisha maana wengine wananunua bila kujua wamechukua upi. Angalia ncha za meno, zikiwa na rangi nyeusi au bluu-bluu na bamba lililobaki ni jeupe, huo ni wa meno magumu. Kiwandani zile ncha zinapashwa moto kwa umeme kwa kitambo kifupi mno alafu zinapoa ghafla, zinakuwa ngumu kama tupa au kuizidi, kwa hiyo ukipitisha tupa hapo inateleza tu na inayoumia ni tupa yenyewe. Msumeno wa kunoa wenyewe bamba lake ni chuma kilekile mwanzo mpaka kwenye meno, kwa kipimo cha ugumu wa chuma kinachoitwa Rockwell C kiko kwenye 50 hivi na tupa iko 60 na kitu, ndo maana tupa inakila.

Sasa wanaotetea wa kutupa wanasema nini. Wanasema unafika na makali yake siku ya kwanza, na makali hayo yanakaa muda mrefu sana kuliko ya chuma laini, na hapo hawadanganyi. Ukiwa mtu wa plaiwudi, chipubodi na MDF kwa kweli sioni cha kubishana, zile mbao za kiwandani zimejaa gundi na gundi ikikauka inalamba makali vibaya mno, msumeno wa kunoa utakufa kwenye kazi ya siku moja na jioni uko na tupa mkononi badala ya kupumzika. Alafu kuna jambo ambalo halisemwi sana, mtu anayeanza kujifunza anahitaji kwanza kuujua msumeno mkali ulivyo, unavyoingia bila kusukumwa, sauti yake, na kwa mwanafunzi hakuna njia nyepesi ya kuijua hali hiyo kuliko kushika wa meno magumu ukiwa mpya. Misumeno mingi ya kunoa ya bei ya chini inatoka kiwandani imenolewa hovyo, meno mengine marefu mengine mafupi, mwanafunzi anahangaika nao anadhani mkono wake ndo mbovu kumbe chombo hakijawahi kuwa kikali tangu kizaliwe.

Upande wa pili nao una uzito wake, na kwangu uzito mkubwa haupo kwenye udumu, upo kwenye umbo la jino. Kupasua mbao kufuata nyuzi zake na kukatisha nyuzi ni kazi mbili tofauti kabisa. Jino la kupasua linataka kukaa kama patasi ndogo, uso wake wa mbele umesimama karibu wima na ncha yake imenyooka ili ikwangue nyuzi kutoka ndani ya mfereji, yaani ule mkato ambao msumeno unauacha kwenye mbao, na jino la kukatisha linataka kuwa kama kisu, limelala nyuma kidogo kama digrii 15 hivi na pembeni limechongwa mshazari ili likate nyuzi kwanza kabla ya kuzitoa. Misumeno mingi ya kutupa ina meno 7 au 8 kwa inchi na imechongwa zaidi kwa kukatisha, kwa hiyo kukatisha inakatisha vizuri sana lakini ipe ubao mrefu wa mbao ngumu uipasue uone, unasukuma mpaka mabega yanalia na msumeno unatoa unga tu. Ukiwa na wa kunoa unaweza ukaamua leo meno haya yawe ya kupasua, ukabadilisha pembe kidogo kidogo kila unaponoa, chombo kikafuata kazi yako.

Na kunoa kwenyewe sio uchawi jamani, watu wanaiogopa kazi hii bure. Unabana bamba kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao, meno yachungulie kidogo tu juu, ukiacha bamba refu nje litatetemeka na kupiga kelele na tupa itarukaruka. Pitisha tupa bapa juu ya meno yote mara moja au mbili kwa mkono mwepesi, utaona kila ncha imepata kidoti kinachong'aa, kwenye jino refu kidoti ni kikubwa na kwenye jino fupi ni kidogo. Hivo vidoti ndo vitakuongoza. Chukua tupa ya pembe tatu, ikae vizuri kwenye bonde kati ya jino na jino, sukuma mbele tu, usiirudishe nyuma ikiwa imegusa, na unaangalia kidoti kinavyopungua, kikitoweka tu acha hapohapo nenda jino linalofuata. Ukiendelea kusukuma baada ya kidoti kwisha umeshaanza kulifupisha jino na hapo ndo msumeno unaharibika. Kwa msumeno wa kupasua tupa unaishika mraba na bamba, yaani digrii 90, kwa wa kukatisha unaipinda digrii 15 mpaka 25, unafanya jino moja unaruka moja, ukifika mwisho unageuka upande wa pili unamalizia yale uliyoruka.

Meno kupindishwa kulia na kushoto sio lazima kila ukinoa, mara kadhaa za kunoa zinapita kwanza. Unapinda nusu ya juu ya jino tu, ukipinda kuanzia shinani linaweza kukatika. Mbao mbichi zinataka meno yaliyotanuka zaidi maana zinabana bamba, mbao kavu zinataka kidogo. Na kama msumeno unavuta upande mmoja kila ukikata, mara nyingi meno ya upande huo yametoka nje zaidi ya wenzake, laza kinoo ubavuni upande huohuo upitishe mara moja kwa wepesi alafu ujaribu tena.

Hoja ya kwamba wa kunoa haukugharimu kitu baada ya kuununua hiyo siikubali. Tupa nazo zinaisha, tena tupa ya pembe tatu pembe zake zinakufa mapema, na muda wako ni gharama pia. Hoja ya taka vilevile, wa kutupa kweli unaacha chuma na mpini wa plastiki, lakini ukiukata ule mstari wa meno bamba linalobaki linatoa skrepa nzuri tu za kulainishia mbao, chuma chake kinafaa kabisa kwa kazi hiyo. Kuna wanaokata meno magumu yote wakachonga meno mapya kwenye chuma laini cha ndani, inawezekana ila ni kazi ya mtu ambaye tupa ameshaizoea.

Kinachoniuma kwenye ubishi huu ni watu kusifiwa wanunue wa kunoa bila kuambiwa kwamba usiponolewa ni mbaya kuliko huo wa kutupa. Msumeno butu unausukuma kwa nguvu, ukiusukuma kwa nguvu unaruka kutoka kwenye mfereji, ukiruka unakwenda kwenye kidole. Kuujua butu ni rahisi, elekeza ncha za meno kwenye mwanga, jino kali halirudishi mwanga, jino butu linakuonyesha kistari cheupe juu ya ncha. Ukiviona vistari hivyo karibu kila jino na hauko tayari kuchukua tupa, basi nunua wa meno magumu bila aibu yoyote na kazi yako itakuwa safi.

Ningekuwa naanza leo ningechukua wa meno magumu wa kukatishia, huo ndo utabeba plaiwudi na mbao kuukuu ambazo hujui ndani zina misumari mingapi, alafu ningetafuta mmoja wa kunoa wa kupasulia, meno 5 mpaka 7 kwa inchi. Nasema wa kupasulia makusudi kwa sababu tupa inashikwa mraba, hakuna mshazari wa kukuchanganya, na meno yake makubwa unayaona vizuri kwa macho. Huo ndo unafaa kujifunzia kunoa, ile misumeno ya meno 14 kwa inchi ya kuchongea viungo vya mbao ije baadaye mkono ukishatulia. Yote miwili ifute na mafuta kidogo ukimaliza, paka nta ya mshumaa ubavuni kama inabana, na itundike ukutani, usiitupe kwenye sanduku pamoja na nyundo na patasi maana meno yakigongana na chuma hata yale magumu yanamomonyoka, tena hayo ndo yanavunjika haraka zaidi.